Tangu Lini Amenyamaza?

Ni nani kati yetu asiyeujua mgongo wa mama? Wengi wetu tuliiona dunia kwanza kutoka pale. Kabla ya kujua kutembea tulikwisha kupita mito, mashamba na vilima, tumefungwa imara katika kikwembe, shavu limelala juu ya bega la mzazi. Kwa sababu hiyo twadhani kwamba kumbeba mtoto katika njia ya mlimani ni jambo lisilohitaji mafundisho. Sisi wenyewe tulidhani hivyo, mpaka siku moja tulipokutana na mwanamke mzee ambaye alituuliza swali moja tu.

Ilikuwa mwezi wa Oktoba mwaka 1986, wakati nchi yetu ilipokuwa ikiitwa Zaire. Tulitoka Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenda kuwatazama jamaa wanaokaa juu, katika nyanda za malisho. Tulifuatana na ndugu yetu mmoja, bibi yake, na mtoto wao wa miezi minane. Tulikuwa tumepatana kuondoka alfajiri. Lakini huyu alisahau chumvi, yule alitaka kuaga jirani, na mwishowe tulianza safari saa nne, jua likiwa kali. Kule ziwani joto lilikuwa jingi, basi mama alimvika mtoto kishati chepesi, akamweleka mgongoni, akafunga kikwembe. Blanketi la mtoto liliwekwa chini kabisa ya mzigo wa baba, chini ya chumvi na sabuni.

Tulipanda. Jasho lilitutoka kama maji. Kwanza mtoto alipiga kelele za furaha, akavuta nywele za mama, akanyoosha mkono kushika majani. Saa nane mvua ilishuka, nasi hatukupata mahali pa kujificha. Ilipokwisha tuliongeza mwendo ili giza lisitukute njiani. Upepo ulikuwa ukivuma katika nyasi, lakini sisi hatukusikia baridi, kwa maana miguu yetu ilikuwa ikifanya kazi. Mtoto naye alikuwa kimya. Baba yake akasema kwa kujisifu, «Tazameni, huyu ni mwanamume kweli, hata mvua haimlizi!» Nasi sote tulicheka.

Karibu na nyumba za kwanza tulimkuta nyanya mmoja amebeba kuni. Alijibu salamu yetu, kisha akamtazama mtoto, akatua kuni zake chini.

«Wanangu, mtoto huyu, tangu lini amenyamaza?»

«Amelala, nyanya,» mama akajibu.

Mzee hakusema neno. Alitia mkono ndani ya kikwembe, akagusa kifua cha mtoto, kisha miguu yake. «Halali huyu,» akasema, «amepoa. Njoni upesi.»

Katika nyumba yake alimvua mtoto nguo zote zilizolowa, akamwamuru mama avue zake pia. Baba alitaka kumsogeza mtoto karibu sana na moto, lakini nyanya alimzuia. Alimkausha, akamlaza juu ya kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, akawafunika wote wawili kwa blanketi, na kichwa cha mtoto akakifunika kwa kitambaa kikavu. Tulikaa pale bila kusema. Tulimwona baba akizitazama zile chumvi na sabuni kana kwamba ni adui zake. Baada ya muda mrefu mtoto alisogeza midomo, akatafuta ziwa, akanyonya kidogo. Kisha akalia kwa sauti kubwa. Nyanya alicheka akasema, «Sasa na yeye amefika.»

Tulipokuwa tukila alitueleza kosa letu kwa maneno machache: «Ninyi mmepanda kwa miguu yenu. Yeye hakupanda, yeye ameketi.»

Tangu siku ile tumelifikiri sana neno hili, na tumeona kwamba elimu yote ya safari ya namna hii imo ndani yake. Maji ya Tanganyika yako kwenye kimo cha meta 770 hivi juu ya bahari. Nyanda zile za juu hupita meta 2,000. Kwa kila meta 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa digrii kama 6. Basi katika siku moja mtu huhama kutoka nchi ya joto kwenda nchi ya baridi. Mwenye kutembea haoni tofauti, kwa maana mwili unaofanya kazi hujipasha moto wenyewe. Lakini anayebebwa amekaa tu. Mwili wake ni mdogo, nao hupoteza joto upesi kuliko wetu. Nguo iliyolowa, iwe kwa mvua, iwe kwa jasho la yule anayembeba, iwe kwa mkojo wake mwenyewe, humnyang'anya joto lililobaki. Tena mtoto mchanga aliyeshikwa na baridi pengine hatetemeki kama mtu mzima. Hulegea, huacha kucheza, hukataa ziwa, hunyamaza. Sisi wakubwa huita kimya hicho adabu njema.

Tusidhani kwamba dawa ya yule nyanya ilikuwa ushamba. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, madaktari walianza kuwalaza watoto waliozaliwa kabla ya wakati juu ya vifua vya mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa sababu mashine za kuwapasha moto hazikutosha. Leo hospitali nyingi za dunia hufanya hivyo.

Hata namna yetu ya kueleka imesafiri mbali. Miaka ya 1960 muuguzi mmoja Mmarekani, Ann Moore, alifanya kazi Togo, akaona jinsi akina mama wa huko walivyobeba watoto wao mgongoni. Aliporudi kwao na kuzaa, alitaka kumbeba binti yake vivyo hivyo. Akasaidiwa na mama yake mzazi kushona mfuko wa kumbebea mtoto, na mwaka 1969 akapata hati ya uvumbuzi. Siku hizi wazungu wapendao kupanda milima hutumia pia kiti cha mtoto chenye fremu ya chuma, kinachobebwa mgongoni kama mzigo. Kiti hicho ni chepesi na imara, lakini hakifai kwa mtoto asiyeweza kushika shingo na kuketi, yaani aliye chini ya miezi sita hivi. Tena, kiti humweka mtoto mbali na mwili wa mzazi, na miguu yake huning'inia katika upepo. Kikwembe humpa mtoto joto la mama, lakini humpa na jasho lake. Kila chombo kina faida yake na hatari yake.

Basi, wazazi, mkienda vilimani na mtoto, yashikeni haya. Ondokeni alfajiri, kwa maana katika milima yetu mvua hupenda kunyesha mchana na jioni, na giza huingia upesi. Nguo kavu za mtoto, kofia na blanketi ziwekwe juu ya mzigo, si chini, nazo zifungwe ndani ya kitu kisichopitisha maji. Simameni kila baada ya saa moja, hata kama mtoto hakulia, hasa kama hakulia. Mshusheni, mtazameni uso, guseni kifua na shingo yake, mbadilisheni nguo iliyolowa, mwacheni anyooshe miguu. Uso wake uonekane daima, wala kidevu kisilale juu ya kifua, asije akakosa pumzi. Magoti yake yawe juu kidogo kuliko matako, na mapaja yakumbatie mgongo, kama mama zetu walivyofanya siku zote. Jua likiwa kali mpeni kofia, wala msimfunike uso kwa nguo nzito, maana chini yake joto huzidi. Aliye chini ya miezi sita anyonyeshwe mara nyingi. Hana haja ya maji mengine. Anayehitaji maji mengi ni mama.

Katika kushuka ongezeni uangalifu. Wengi huogopa kupanda, kumbe ni katika kushuka ndipo mguu uliochoka huteleza. Shikeni fimbo, msiruke mawe, na anayebeba mtoto asibebe mzigo mwingine. Kawia ufike.

Twataka kusema neno na akina baba. Siku ile mama alibeba mtoto tangu Uvira hata juu, wala hakuna mwanamume aliyejitolea kumpokea, kwa kuwa tuliona haya. Mama aliyechoka hawezi kumchungulia mtoto aliye nyuma ya mgongo wake. Sharti awepo mwenzake anayetembea nyuma na kutazama. Kazi hiyo ni ya baba, na kumbeba mtoto pia ni kazi yake. Nanyi wanafunzi, mnaotumwa kuni au maji huku mmebeba wadogo zenu, msiendelee na mchezo kwa kuwa mtoto amenyamaza. Mshusheni kwanza, mmtazame.

Tunajua kwamba katika miaka hii ya vita wako wazazi wengi wa Kivu wanaopanda vilima usiku, bila kuchagua saa wala nguo. Hatuwezi kuwaambia waondoke alfajiri. Lakini hata aliyeacha vyote nyumbani amechukua kifua chake, na kifua kikavu cha mama au cha baba chini ya nguo ni blanketi lisiloibiwa.

Mtoto yule wa mwaka 1986 sasa ni mtu mzima, naye ana watoto. Tulipomtembelea tulimwona akirudi shambani kwa njia ya mlima, mwanawe mdogo mgongoni, mkewe akimfuata nyuma. Mara alisimama, akageuza shingo, akamwuliza mkewe, «Mtoto huyu, tangu lini amenyamaza?» Hakuwa anakumbuka alikolipata swali hilo. Sisi tulikumbuka.