Samadi yetu isiishie mtoni



Nawasihi wakulima wenzangu wa Kasulu na Kibondo kabla mvua hazijaanza. Kila msimu tunabeba samadi kwa vichwa na baiskeli, tunaimwaga juu ya ardhi, kisha mvua kubwa ya kwanza inaishusha bondeni.

Fosforasi hushikamana na udongo. Udongo ukimomonyoka, nayo huondoka. Naitrojeni huyeyuka na kufuata maji. Maji hayo huingia Mto Malagarasi, mengine yakipita ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, iliyoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu mwaka 2000, hadi Ziwa Tanganyika. Huko chakula cha mahindi yetu hulisha mwani, na matope hufunika mazalia ya samaki.

Matuta yanayoshuka na mteremko ni mifereji tuliyoichimba wenyewe. Tuyalaze yakingame mteremko. Pasipo matuta, kupanda bila kutifua udongo hupunguza mmomonyoko, lakini samadi iliyoachwa juu bila kufukiwa husombwa kirahisi. Basi tuchimbe mashimo ya kupandia tu, tuweke samadi iliyooza, tuifukie, na sehemu iliyobaki tuifunike kwa mabua badala ya kuyachoma. Kando ya vijito tuache ukanda wa majani.

Nawaomba maofisa ugani waje mashambani mapema, si baada ya kupanda. Rutuba ikishafika ziwani, hakuna jembe la kuirudisha.

Mkulima wa mahindi na maharage,
Kasulu, Kigoma