Leseni ya Gazeti Isiwe ya Mwaka Mmoja

Kwa Waziri mwenye dhamana ya habari,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu karatasi moja: leseni ambayo kila gazeti nchini linatakiwa kuihuisha kila mwaka. Naomba uiondoe.

Sheria ya Magazeti ya 1976 ilikuwa kali na ilimpa waziri uwezo wa kufungia gazeti, lakini gazeti lilisajiliwa mara moja tu. Ikaja Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, na mwaka uliofuata magazeti yote yakatakiwa kuomba leseni upya kwa Idara ya Habari, MAELEZO. Tangu hapo si lazima gazeti lifungiwe ndipo life. Inatosha linyimwe karatasi.

Gazeti la Mseto lilifungiwa Agosti 2016 kwa miaka mitatu. Wenye gazeti wakaenda Arusha, na Juni 2018 Mahakama ya Afrika Mashariki ikasema amri ile ilikiuka Mkataba wa Jumuiya, ikaagiza ifutwe. MwanaHALISI nalo, lililofungiwa miezi 24 Septemba 2017, likashinda Mahakama Kuu Julai 2018. Mahali panapoheshimiwa mahakama, mambo yangeishia hapo. Lakini hakuna aliyeyaona magazeti hayo kwenye meza za wauzaji. Hukumu walikuwa nayo mkononi, leseni hawana. Hata muda wa adhabu ulipokwisha, hali ikawa ile ile.

Februari 2022, Waziri wa wakati ule, Nape Nnauye, akayakabidhi leseni magazeti manne: hayo mawili pamoja na Mawio na Tanzania Daima. Watu wakashangilia, nami nikafurahi kwa dhati. Ila furaha ile inanisumbua hadi leo, Mheshimiwa. Kilichoshindikana kwa hukumu za mahakama mbili kiliwezekana kwa uamuzi wa kiongozi mmoja. Akija mwingine asiyependa kuandikwa, atatumia mlango huo huo.

Na athari kubwa haiko kwenye magazeti yaliyofungwa. Iko kwa yanayotoka kila asubuhi. Mhariri ambaye leseni yake inakaribia kwisha hahitaji kupigiwa simu na mtu. Habari ya zabuni iliyotolewa kinyemela inatoka ukurasa wa mbele, inapelekwa ndani, inapunguzwa majina, mwishowe inabaki kwenye droo. Mwandishi mchanga anaona, anajifunza, na mara ya pili haileti kabisa. Sisi wasomaji hatutajua tulinyimwa nini, kwa sababu kichwa cha habari kisichochapwa hakiachi ushahidi. Hata Serikali inapoteza: wizi unaofanyika halmashauri, mbali na Dodoma, nani atakuambia?

Bunge lilirekebisha sheria hii mwaka 2023 na kupunguza baadhi ya makali yake, lakini leseni ya mwaka ikaachwa palepale. Ninachoomba ni muswada mfupi. Gazeti lisajiliwe mara moja. Anayeona limemkosea aende mahakamani, Serikali ikiwemo, na pasiwe na ofisa wa kulizima kabla hakimu hajasikia pande zote mbili. Hadi hapo, kila ombi la leseni lijibiwe kwa maandishi, ndani ya muda unaojulikana, na likikataliwa sababu zitajwe ili mwombaji aweze kukata rufaa.

Hilo la mwisho halihitaji kusubiri Bunge. Unaweza kuliagiza wiki hii.

Msomaji wa magazeti,
Dar es Salaam