Majaribio ya mbegu: Mkulima wa Miyuji ajibiwe swali lake

KILA ifikapo Novemba, mkulima wa Miyuji, Dodoma, hukabiliwa na uamuzi mgumu: apande mtama aliouzoea au anunue mbegu mpya? Msimu wa mvua ni mmoja tu. Akikosea, atasubiri mwaka mzima.

Tuchukulie mfano. Mbegu mpya imejaribiwa sambamba na ya zamani katika mashamba 10, ikaishinda katika mashamba saba. Je, inafaa?

Njia iliyozoeleka ilienezwa na Ronald Fisher, mtaalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1925. Huuliza hivi: kama mbegu hizi zingekuwa sawa, matokeo haya yangetokea kwa bahati tu mara ngapi?

Ni sawa na kurusha sarafu mara 10. Kushinda mara saba au zaidi hutokea kwa asilimia 17 hivi. Kwa kuwa kiwango kinachokubalika ni asilimia tano, ripoti huandika kuwa hakuna tofauti ya kitakwimu. Wengi husoma hapo kwamba mbegu ni sawa, kumbe maana yake ni kwamba ushahidi hautoshi.

Njia ya Thomas Bayes, ambaye andiko lake lilichapishwa mwaka 1763 baada ya kifo chake, hujibu swali la mkulima: kuna uwezekano gani kuwa mbegu mpya itashinda katika zaidi ya nusu ya mashamba? Tukianza bila kuegemea upande wowote, jibu ni asilimia 89 hivi. Lakini kama msimu uliotangulia ilishinda katika mashamba matatu tu kati ya 10, na tukiipa misimu yote uzito sawa, uwezekano hushuka hadi asilimia 50.

Kupuuza yanayojulikana kuna gharama. Mpango wa karanga wa Waingereza huko Kongwa, ulioanza mwaka 1947, ulifutwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 30. Ukame ulikuwa miongoni mwa sababu, ilhali Wagogo walijua mvua yao haiaminiki.

Hata hivyo, njia ya Bayes nayo ina mwanya. Muuza mbegu anaweza kuanza na makisio yanayompendelea.

Hivyo ripoti za majaribio zitaje idadi ya mashamba, misimu, vipimo vyote viwili na makisio ya mwanzo. Mkulima naye apime uwezekano huo dhidi ya bei ya mbegu kabla hajafungua pochi.