Koga ya Karafuu na Koga ya Chakula



Hapana mwanachama wetu asiyeijua hasara ya karafuu iliyovunda. Wingu likitanda tu, wakubwa kwa watoto hukimbilia majamvi, maana karafuu mbichi ikirundikwa hupata joto, ikapauka na kusinyaa, na kwenye mizani haina bei. Kwa hili hatuna la kufundishana. La ajabu ni kwamba mtu huyo huyo huweka gunia la unga juu ya udongo katika banda la dago, na unga ukishika koga huuchekecha, akaupika, akala na kuwalisha wachumaji wake.

Twasikia watu wakisema kuwa moto huua yote. Koga hufa, lakini sumu yake haiondoki kwa kupikwa. Sumu hiyo huitwa sumukuvu, na madaktari huiita aflatoksini. Ilianza kujulikana baada ya mwaka 1960, walipokufa Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 waliolishwa mashudu ya karanga. Wala tusidhani ni mambo ya bata wa Ulaya. Mwaka 2004 mashariki ya Kenya walikufa watu 125 kwa mahindi yaliyowekwa na unyevu, na mwaka 2016 wakafa watu Dodoma na Manyara. Walikula chakula chao cha kila siku, bila kujua.

Sumu hii hulipiga ini. Ikiingia nyingi kwa mara moja, mtu hutapika, tumbo humuuma, macho huwa manjano. Huyo apelekwe hospitali mara moja, si kufanyiwa dawa za nyumbani. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani ya ini, na hatari huzidi kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Hatusemi haya kumtisha aliyetafuna tonge moja ya mkate wenye koga gizani. Huyo kwa kawaida hapati zaidi ya kichefuchefu, na wengi hawapati hata hicho. Tunaowaogopea ni wanaokula gunia lile lile msimu mzima.

Wako watakaosema kutupa chakula ni israfu. Sisi twaona israfu ni kukiacha kikaharibika. Wengine humpa kuku au ng'ombe. Lakini kuku naye hudhurika, na ng'ombe huirudisha sumu katika maziwa wanayokunywa watoto wetu.

Zaidi yatuuma habari ya wachumaji. Mwenye shamba aliyepatana nao kwa ujira na chakula, kisha akawapa karanga na unga asiothubutu kuupeleka nyumbani kwake, amewapunja ujira wao, hata akiwahesabia pishi kamili.

Basi msimu huu magunia yainuliwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Mahindi, karanga na makopa yaanikwe mpaka yakauke barabara, kama tukaushavyo karafuu, na karanga zilizosinyaa au kugeuka rangi zichaguliwe na kutupwa. Siku za mvua unga ununuliwe wa siku chache tu. Mwenye mbao kuukuu zisizo na kazi azilete ofisini, kwani yako madago ambayo hayana hata ubao mmoja.