Pikapu Kuukuu: Kutu Kwanza, Injini Baadaye



Shauri lililoletwa mbele ya kamati ni hili: tuache kukodi magari kila msimu, tununue pikapu kuukuu iwe mali ya chama, nayo ikatafutwe Bariadi, Mkoa wa Simiyu, ambako magari ya namna hiyo hubeba pamba. Wako waliocheka. Mimi naliunga mkono, lakini kwa masharti.

Haja ya gari haina ubishi. Karafuu mbichi zikilala zimerundikana ndani ya magunia huchacha, na zikianikwa hutoka zimepauka na kusinyaa. Mchumaji amekwisha kulipwa pishi zake. Hasara ni ya mwenye shamba. Na gari la kukodi hukosekana siku ile ile ambayo kila mtu analitaka.

Wengine wasema tukope tununue jipya. Mkarafuu hauzai sawa kila mwaka, lakini deni hudai sawa kila mwezi.

Kwa nini Bariadi? Adui wa gari la kisiwani ni chumvi. Huila chesisi taratibu, na rangi mpya huificha. Bariadi ni mbali na bahari. Gari la huko huchakaa kwa njia nyingine: vumbi la kiangazi huingia injini, na matope ya udongo mweusi wa mbugani hutesa klachi. Lakini klachi hubadilishwa na injini hufanyiwa ukarabati. Chesisi iliyooza ni msiba.

Tusidanganywe na jina pia. Wazee wanaikumbuka Peugeot 404, iliyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ni gari la heshima, ila heshima haibebi magunia, na vipuri vyake ni vya kutafutwa kwa tochi. Yafaa zaidi Toyota Hilux ya dizeli ya miaka ya 1990, yenye injini ya 2L au 3L, ambayo fundi wa kawaida huifungua na kuifunga bila kompyuta.

Sasa masharti. Kwanza, aende fundi wetu wenyewe, si dalali. Afike alfajiri aikute injini baridi, kwani iliyokwisha kupashwa moto huficha aibu. Moshi wa buluu maana yake inakula oili. Mweupe usiokoma, huenda maji yanaingia ndani. Mweusi, achungulie chujio la hewa na nozeli. Maji ya rejeta yakiwa na mafuta, arudi nyumbani. Agonge chesisi kwa nyundo, hasa karibu na springi za nyuma, na aiendeshe ikiwa na mzigo mlimani.

Pili, aulize mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Asipoonyeshwa risiti, ahesabu kuwa haujabadilishwa, na auweke mpya kabla ya safari. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni.

Tatu, namba ya chesisi ipatane na kadi ya gari, na jina la kwenye kadi liwe la muuzaji. Likiwa la mtu mwingine, fedha zetu zibaki mfukoni.

Nne, theluthi moja ya fedha zilizotengwa isiguswe. Hiyo ni ya matengenezo. Chama kinachomaliza mfuko siku ya kununua kimenunua banda la kuku.

Gari likishuka bandarini, lioshwe uvunguni kwa maji baridi ya kisimani siku hiyo hiyo. Awe na dereva mmoja na daftari moja la oili na matengenezo. Likigoma kuwaka, tuanze na cha senti kabla ya cha shilingi: vichwa vya bateri, maji katika chujio la dizeli, hewa katika mipira ya mafuta, plagi za kupasha moto. Hayo yakishapita ndipo pampu itajwe. Likichemka, tutazame kwanza mkanda wa feni na rejeta iliyoziba kwa vumbi, kabla mtu hajashika spana kufungua silinda hedi.

Wahenga walisema rahisi inavunja upishi. Kuukuu si lazima iwe mbovu, lakini huwa mbovu mikononi mwa wasioiangalia. Nawaomba mje katika mkutano mkuu tuyapitishe masharti haya yote manne, au tuliache shauri lenyewe. Tusichukue nusu yake.

Wabillahi taufiki.

Katibu wa Chama