Biharusi, Mimina Kwanza Ndipo Uandike

Posa imeshajibiwa, na sasa wazee wanataka jawabu: mahari yako nini, na una masharti gani? Wengi wetu kwa haya hujibu "chochote". Wengine huchukua karatasi safi wakitaka sentensi nzuri papo hapo. Mstari wa kwanza haupatikani, karatasi inachanwa, na mwisho ami ndiye anayeamua.

Sisi tunaona kuandika si pa kuanzia. Anza kwa kumimina. Chukua daftari la skuli, kaa peke yako baada ya Isha, uandike kila kinachokupitia kichwani bila kupanga: kumaliza chuo, dhahabu, cherehani, kukaa na mavyaa, hasira zake, Umra. Neno moja moja linatosha. Usifute kitu, hata kile unachokionea aibu. Mara nyingi hicho ndicho chenyewe. Liache daftari siku 2 au 3. Mengine yatakujia ukiwa unakuna nazi.

Hapo sasa panga, kwa kalamu za rangi 3. Rangi ya kwanza ni mahari: kitu kitakachokuwa chako wewe, si cha ukumbi wala cha shangazi (An-Nisaa aya ya 4 imeshalimaliza hilo). Kama sehemu italipwa baadae, hiyo ni deni, na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inahusu kuandika deni na muda wake. Rangi ya pili ni masharti, kama kusoma au kufanya kazi. Muulize sheikh mapema, kwani si kila sharti linakubalika, lakini yaliyokubalika, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa masharti ya ndoa ndiyo yanayostahiki zaidi kutimizwa. Ya tatu ni mazungumzo tu: hasira, wageni, nani apike. Haya hayaandikishwi, yanasemwa, na walii wako akiwepo. Ukiyachanganya yote utapeleka kurasa 4 na upande wa mume utashtuka, na kusema kweli hatutawalaumu.

Wapo wanaosema msichana mwenye haya haandiki. Hatukubaliani nao. Mahari ni haki yake yeye, vipi asiwe na la kusema?

Ukishapanga, kuandika kwenyewe ni dakika 10, na mistari 5 inatosha. Mkabidhi walii wako kabla wazee hawajakaa, si asubuhi ya nikaha wakati hina bado haijakauka.