Mifupa Iliyogeuka Mawe

Ukiteka maji ya mto wakati wa masika ukayatia katika mtungi, utayaona yamechafuka kwa udongo hata huoni chini. Yaache usiku kucha. Asubuhi utakuta juu yametakata, na chini yamekaa mashapo: mchanga umetangulia kutua, na tope laini limelala juu yake. Twawaomba vijana wetu walifanye jambo hili wenyewe kwa chupa ya kioo, kwani kilichomo ndani ya chupa hiyo ndicho chanzo cha sehemu kubwa ya miamba tunayoikanyaga.

Mto nao hufanya kazi hiyo hiyo, ila mtungi wake ni ziwa, bonde au bahari. Kila masika huteremsha udongo wa milimani, na maji yakipungua kasi mzigo ule hutua. Tabaka la mwaka huu hulilalia la mwaka jana. Zikipita karne nyingi mno, uzito wa tabaka za juu huzikandamiza zile za chini hata maji yakakamuka, na maji yapenyayo baina ya chembe huacha humo chokaa na madini mengine, yakazigandisha kama saruji igandishavyo kokoto. Basi mchanga huwa jiwe, na tope nalo huwa jiwe.

Elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alieleza katika Kitab al-Shifa jinsi udongo wa kunata unavyokauka ukawa jiwe, na jinsi tabaka za milima zinavyoweza kuwa zimetandazwa moja baada ya moja. Alitaja pia wanyama na mimea iliyogeuka mawe, akasema iko nguvu ndani ya ardhi inayofanya kazi hiyo. Leo twajua kuwa nguvu hiyo ni maji yaliyobeba madini.

Lakini si kila afaye huhifadhika. Walio wengi huliwa na wanyama wengine, au mifupa yao huchakazwa na jua na mvua mpaka isionekane. Anayebaki ni yule aliyefunikwa upesi na tope au mchanga. Nyama yake huoza, mfupa hubaki. Na kwa kuwa mfupa una vitundu vidogo vidogo, maji huingia humo yakaacha madini yake kidogo kidogo, mpaka mfupa ukawa na umbo lake la zamani na uzito wa jiwe. Hicho ndicho kiitwacho kisukuku. Hapana uchawi hapo wala laana, ingawa wako wazee wanaopenda kuwatisha watoto kwa visa vya watu waliogeuzwa mawe.

Mfano mkubwa wa haya uko Tanzania, katika kilima cha Tendaguru, kiasi cha kilomita 60 kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Miaka ipatayo milioni 150 iliyopita hapo palikuwa pwani yenye maji ya kina kifupi, na wanyama wakubwa wa aina ya dainosaria walipita wakila majani. Bahari ilipanda na kushuka zaidi ya mara moja. Twalijuaje hilo? Tabaka zenye mifupa ya wanyama wa nchi kavu zimetenganishwa na tabaka za mchanga zenye kombe za baharini. Ajuaye kuzisoma huzisoma kutoka chini kwenda juu, kwani lililo chini ndilo lililotangulia.

Wenyeji waliijua mifupa hiyo kabla ya mgeni yeyote. Mwaka 1906 ilionwa na mhandisi Mjerumani, na mwaka 1909 makumbusho ya Berlin yaliwatuma Werner Janensch na Edwin Hennig kwenda kuichimba. Kazi iliendelea hadi 1913. Vita vya Maji Maji vilikuwa ndiyo kwanza vimekwisha, mwaka 1907. Nchi ilikuwa imeteketezwa na njaa ilikuwa imeua watu wengi. Watu wa nchi hiyo hiyo iliyofiwa ndio walioshika majembe. Mamia yao walichimba, wakaifunga mifupa kwa mianzi na udongo isivunjike, na wapagazi wakaichukua kwa vichwa na mabega hadi bandari ya Lindi. Jumla yake ilizidi tani 200. Mnyama mmoja, mwenye shingo ndefu kama ya twiga, alisimamishwa Berlin mwaka 1937, na kimo chake chapita mita 13.

Kijana wa Lindi akitaka kumwona mnyama wa Lindi hana budi kwenda Ujerumani. Wako Watanzania wanaodai arudishwe, na wako wanaosema heri Ujerumani isaidie kujenga nyumba ya makumbusho huku. Sisi twaona kwamba, lolote litakaloamuliwa, waliochimba wasiachwe bila majina pale wanyama hao wanapotajwa. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu hodari wa kuitambua mifupa na kuitoa salama katika mwamba. Alingoja muda mrefu. Mwaka 2007 mnyama mwingine wa Tendaguru alipewa na wataalamu jina la Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti huyo.